Kupiga picha watu wa vijijini ukiwa safarini: mwongozo kamili, kuanzia salamu hadi kurudisha picha

Barabara ninayoizungumzia hapa ni ile ya Dodoma kwenda Babati, inayopita Chemba, Kondoa, Kolo na Bereko. Ni kama kilomita 250, kipande cha ile njia kuu ya zamani ya kutoka Cape hadi Cairo, na lami yake ilizinduliwa 2018. Enzi za vumbi na mashimo mpiga picha alisimama hata asipotaka, kwa sababu gari lilimsimamisha. Siku hizi unaimaliza kwa asubuhi moja bila kusalimiana na mtu, na wengi ndivyo wanavyofanya: kioo kinashushwa, kamera inabonyezwa, gari linaondoka. Aliyepigwa hajui picha yake imekwenda wapi, na aliyepiga hajui jina la mtu anayemwonyesha dunia nzima.

Mimi naamini picha ya mtu ni deni, na kazi haijaisha mpaka picha imfikie mwenye sura. Hatua zote hapa chini nimezipanga kwa kufuata hilo. Nimetumia barabara hii kwa sababu ndiyo ninayoifahamu, lakini ukiwa Kitui, Masasi au Kibondo utazirekebisha kidogo tu.

1. Chagua msimu, kisha chagua siku

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukifika Januari wakati wa palizi, nyumbani utawakuta wazee na watoto, wengine wote wako shambani. Wakati mzuri ni Mei hadi Julai. Alizeti, ufuta, mtama na uwele vinavunwa, watu wanapura na kupepeta, kazi inafanywa pamoja na mazungumzo yapo. Hewa bado safi. Kuanzia Agosti vumbi linatanda. Mwanga wa jioni unakuwa mwekundu wa kupendeza, lakini kamera inateseka.

Uliza pia siku za mnada, maana mnada huzunguka, leo kijiji hiki, keshokutwa kile. Hapo utawaona Wagogo, Warangi, Wasandawe na Wabarbaig uwanja mmoja. Hata hivyo, siku ya kwanza kamera isitoke. Watu wana fedha mfukoni na ng'ombe wa kuuza, na mgeni anayepiga picha anaonekana mtu wa kodi au mpelelezi. Kula nyama choma, juana na watu, uliza wanakaa kitongoji gani, halafu wafuate kwao siku nyingine.

2. Vifaa: vichache, na kimoja ambacho wengi husahau

Kamera moja na lenzi mbili fupi, milimita 35 na 50, zinatosha. Lenzi ndefu iache nyumbani. Lenzi ndefu inakuruhusu kumwibia mtu picha akiwa ng'ambo ya barabara. Fupi inakulazimisha umkaribie hadi mita moja na nusu, na umbali huo huwezi kuufikia bila salamu. Kama huna kamera, simu yenye kamera nzuri inafanya kazi hii vizuri kabisa.

Beba betri tatu na kadi mbili. Kila jioni nakili picha za siku mahali pa pili kabla hujalala. Usibadilishe lenzi ukiwa barabarani. Badilisha ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa. Umeme usikutie hofu, karibu kila senta ina duka linalochaji simu, na betri ya kamera watakuchajia vilevile ukienda na chaja yako.

Kitu wanachosahau wengi ni albamu ndogo. Chukua picha kama ishirini zilizosafishwa, nusu ziwe za kazi yako na nusu za nyumbani kwako: mama yako, watoto, nyumba mnayoishi. Ukikaa na mzee akakuuliza wewe ni nani, mpe albamu aifungue mwenyewe. Ataipitia taratibu, atauliza huyu nani, huyu yuko hai, mtakuwa mmeshaanza kujuana. Na ni haki: unayetaka kuingia kwake na kamera, naye akuone kwenu.

3. Ripoti kijijini

Tafuta ofisi yenye bendera. Muone mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, saini kitabu cha wageni, eleza umekuja kufanya nini na utakaa siku ngapi. Mara nyingi watakupa kijana au mwenyekiti wa kitongoji akusindikize. Mkubali. Anajua nyumba yenye msiba, nyumba yenye ugomvi, na mzee gani hapendi kusumbuliwa asubuhi. Ukitaka kukaa zaidi ya siku mbili tatu, anzia halmashauri ya wilaya upate barua ya utambulisho.

Mwaka mmoja niliiruka hatua hii katika kijiji kimoja, kwa kuwa nilidhani napita tu. Mgambo wawili walinifuata, tukatembea jua la saa saba hadi ofisini, nikakaa kwenye benchi mpaka alasiri. Nilipoelezwa sababu niliwaelewa. Wiki ile walikuwa wameibiwa ng'ombe, na mimi nilikuwa nimeonekana nikipiga picha mazizi, moja baada ya jingine. Walifanya walichopaswa kufanya.

Kambi za jeshi, vituo vya polisi na magereza usivielekezee kamera. Droni ina kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na ujue kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023; Kenya wana ya kwao ya 2019. Sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake binafsi, hata kama amevaa lubega na hajui kusoma. Ukipitia Kolo kuangalia michoro ya miambani, ambayo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, lipia ofisini na umfuate mwongozaji.

4. Salamu kwanza, kamera ikiwa begini

Usisimamishe gari mbele ya mtu. Mpite, simama mbele kidogo, zima injini, shuka, urudi kwa miguu. Zile hatua hamsini za kurudi zinampa muda wa kukutazama na kuamua wewe ni mtu wa namna gani. Ukimshukia ghafla mlangoni mwa gari na kamera shingoni, ameshaamua.

Mkubwa mpe shikamoo, na usubiri marahaba yake kabla ya kuendelea. Anayefanya kazi mwambie pole na kazi. Kondoa na vijiji vingi vya Warangi ni Waislamu, kwa hiyo "Asalaam aleikum" inakaa mahali pake. Ugogoni jaribu "Mbukwenyi", na karibu na Babati kwa Wairaqw sema "Saita". Matamshi yako yakiwa mabaya watakusahihisha, na kusahihishwa ni mwanzo mzuri wa maongezi.

Nyumbani kwa mtu piga hodi ukiwa ukingoni mwa uwanja, si mlangoni. Subiri karibu. Kaa pale unapoonyeshwa, hata kama ni juani. Ukipewa maji au togwa, pokea kwa mikono miwili. Eleza jina lako, kwenu ni wapi, na umefikaje pale. Mazungumzo haya yasipungue nusu saa. Mpiga picha mwenye haraka ya kufika nyumba kumi kwa siku atarudi na nyuso kumi zilizofungwa. Mimi nyumba tatu kwa siku naona ni nyingi.

5. Namna ya kuomba, na namna ya kusikia jibu

Sema moja kwa moja: "Mama, naomba nikupige picha ukiwa hapa kwenye kazi yako. Nitakuletea ya kwako." Halafu sema picha nyingine itakwenda wapi. Kama ni gazeti, sema gazeti. Kama ni mtandaoni, usiseme tu "mtandaoni", sema, "itaonekana kwenye simu za watu nisiowajua, hata wa nje ya nchi." Siku hizi karibu kila nyumba kuna kijana mwenye WhatsApp, kwa hiyo wanaelewa upesi sana, na wengine watakuambia: piga, lakini usiirushe. Ikubali hivyo hivyo na uiandike.

Jibu ndilo linalotaka sikio. Watu wetu wengi hawamwambii mgeni "hapana" usoni. Watasema "labda kesho", "ngoja aje mwenyewe", "sina nguo". Maneno haya yanaweza kuwa kukubali au kukataa. Mimi naangalia jambo moja: anayetaka hukupa mahali au saa. "Ngoja nikabadilishe", "baba anarudi saa kumi, njoo." Asiyetaka huliacha neno likining'inia. Likining'inia, shukuru, maliza maji yako, aga. Usiombe mara ya tatu.

Kwa mwanamke kijana, familia nzima ijue unachofanya. Ila ruhusa ya mume haiwi ruhusa ya mke. Nimewahi kuambiwa na mume "mpige tu huyo", huku mke anatazama chini akishika ncha ya kanga. Sikupiga. Niliomba nimpige mume, na tukamaliza vizuri.

6. Piga ile wanayoitaka wao, kisha zako

Sehemu hii naomba uisome taratibu, maana hapa ndipo wageni wengi hukosea.

Ukishakubaliwa, mara nyingi mtu ataingia ndani. Atatoka amevaa gauni la sikukuu, amejipaka mafuta, amevaa viatu. Atasimama mbele ya mlango, wima, mikono imenyooka, bila tabasamu. Mpiga picha wa mjini anasononeka, eti uhalisia umepotea. Haujapotea. Hivyo ndivyo mtu anavyotaka kukumbukwa, na hakuna uhalisia mkubwa kuliko huo. Mpiga picha Seydou Keïta alipofungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, watu walimjia wakiwa na nguo zao bora, na yeye aliwapiga uani kwa mwanga wa jua, nyuma yao akiwa ametundika shuka la kitandani kwake. Leo picha zile zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho makubwa duniani. Unguja nako, Capital Art Studio imekuwa ikiwapiga watu walivyojipamba tangu 1930. Huo ndio urithi wetu wa picha za watu. Kwa hiyo piga ile ya mlangoni kwa umakini wote ulio nao, simama kimo chake, nyoosha mistari ya ukuta, mpe muda. Hiyo ndiyo utakayomrudishia.

Karibu na Bereko kuna mama anauza asali kando ya barabara, kwenye chupa za bia zilizooshwa. Nilipomwomba picha hakujigusa nguo. Alishika chupa. Alizifuta moja moja kwa ncha ya kanga, akazipanga upya mezani, akazigeuza zote ili nembo zilizobaki ziangalie upande wake na si wangu. "Isije ikaonekana nauza pombe," alisema. Angekuwa amepigwa kutoka garini, nembo zile ndizo zingeonekana kwanza. Baada ya picha yake ya kusimama, alirudi kwenye kazi, mteja akasimama, nikaendelea kupiga nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jua la saa kumi na moja lilikuwa nyuma ya meza, asali ikawaka kama taa. Picha ya aina hiyo hutoka baada ya ile rasmi, watu wakishachoka kukuangalia.

Sasa mwanga. Kondoa iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua linapanda haraka na kukaa utosini. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri macho yanakuwa mashimo meusi, na mwenye kofia anapotea kabisa. Saa zako ni kumi na mbili hadi mbili asubuhi, na kumi na nusu jioni hadi jua kuzama. Katikati ya siku hama uende kivulini: baraza, upande wa ukuta usio na jua, chini ya mwembe. Chini ya mti ngozi huchukua ukijani wa majani, kwa hiyo kivuli cha ukuta ni bora.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni mlango wa tembe, ile nyumba ya Kigogo ya paa bapa la udongo. Weka kigoda hatua moja ndani ya mlango, mwenyeji akae akitazama nje. Mwanga unaogonga ardhi ya uwanja unarudi juu na kujaza uso wake, chini ya kidevu na ndani ya macho, na nyuma yake nyumba inakuwa giza lenyewe. Hakuna taa ya studio inayonipa hivyo. Kama uwanja ni wa udongo mwekundu na uso unachukua wekundu, tandika kiroba cheupe cha mchele chini mbele yake.

Ngozi nyeusi inataka uangalie mahesabu ya kamera, maana kamera hupima fremu nzima na kuitafuta rangi ya kijivu. Mtu akiwa na anga jeupe nyuma yake, kamera itafanya uso uwe giza. Ongeza mwanga stopu moja (yaani mara mbili), hata moja na nusu, au mgeuze ili nyuma yake pawe na kivuli. Uso mweusi ukijaza fremu yote, kamera hufanya kinyume, huung'arisha hadi uwe wa kijivu na kupoteza ule mng'ao wa ngozi. Punguza theluthi mbili za stopu. Mpige mwanga ukitoka ubavuni. Kivulini mimi huanza na f/4 (upana wa tundu la lenzi), kasi ya 1/250 ya sekunde, ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), fokasi kwenye jicho lililo karibu. Kwa familia nzima panda hadi f/8, yaani tundu dogo zaidi, la sivyo bibi aliyekaa nyuma atatoka na ukungu.

Mwonyeshe picha kwenye skrini. Akisema futa, futa mbele ya macho yake, bila kubishana.

7. Watoto

Watoto watakuja mbio kabla hujaomba. Usipige mpaka umempata mzazi au mlezi, na shuleni mpaka mwalimu mkuu akubali. Mtoto asiye na nguo usimpige, hata kama anacheza kwa furaha na mwanga ni mzuri. Pipi usigawe, umewafundisha kukimbilia magari kwenye barabara ambayo mabasi yanapita kwa kasi. Waruhusu waangalie kupitia kamera, wapokezane. Inachukua dakika kumi, na baada ya hapo wanatulia.

8. Daftari

Kila mtu niliyempiga ana mistari yake kwenye daftari, na ninaiandika mbele yake kabla sijaondoka: namba ya picha, jina kamili kama anavyolitamka mwenyewe, kitongoji, jina la baba au la mtoto mkubwa (maana akina mama wengi hujulikana kwa jina la mtoto), simu ya mtu wa nyumbani, duka la karibu ambako mzigo unaweza kuachwa, na aliloruhusu na asiloruhusu. "Asirushe." "Gazeti sawa." "Nakala tatu, moja ya dada yake Dar." Muombe mtu asome ulichoandika, au umsomee.

Uzito wa mstari huo wa jina unaonekana kwenye picha moja maarufu. Machi 1936, Dorothea Lange, mpiga picha wa Marekani, alikuwa anarudi nyumbani kwa gari, akaingia kambi ya wavunaji wa njegere huko Nipomo, California, akampiga picha mama mmoja na watoto wake. Alikaa muda mfupi, hakuuliza jina. Picha ilizunguka dunia nzima ikiwa uso wa dhiki ya wakulima wa Marekani, na ni 1978 tu ndipo ilipojulikana kwamba mama yule anaitwa Florence Owens Thompson. Miaka 42, na mwenyewe hakufurahia jinsi picha ile ilivyotumika. Lange alikuwa mpiga picha mkubwa na nia yake ilikuwa njema. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye daftari.

9. Fedha

Ninavyofanya ni hivi. Kwa kusimama tu mbele ya kamera silipi, bali nanunua anachouza, asali, ubuyu, kuku, bila kupunguza bei. Aliyenipa siku nzima ya kazi yake namlipa siku hiyo, kama ningemlipa kibarua. Na kama picha itauzwa kwa tangazo au kampuni, tunaandikiana makubaliano na fungu lake linajulikana kabla. Mahali ambapo watalii wamezoeza watu malipo kwa kila picha, patana mapema, kamera ikiwa bado begini. Ugomvi mwingi huanza pale bei inapotajwa baada ya kupiga.

10. Rudisha

Ukiwa na printa ndogo ya betri, toa nakala palepale. Kama huna, studio za Kondoa na Babati zinasafisha picha siku hiyohiyo. Chagua saizi ya tano kwa saba, na uombe wai-laminate, kwa sababu nyumba ina moshi na paa huvuja. Kabla ya hapo andika nyuma kwa kalamu ya risasi jina, kijiji na tarehe. Familia iliyopigwa pamoja ipate zaidi ya nakala moja, la sivyo itagombaniwa.

Usiishie WhatsApp. Simu huanguka, huibiwa, huuzwa. Ukituma, tuma kama faili ili picha isipoteze ubora, lakini ya karatasi ifike vilevile.

Kama umeshafika mbali, tumia basi. Bahasha ngumu, jina, kitongoji, jina la duka, namba ya simu ya nyumbani. Mpe konda, lipia mzigo, chukua namba yake, mpigie mwenye duka umwambie basi gani na saa ngapi. Siku mbili baadaye piga tena uulize kama mwenyewe amechukua. Asiposhikika, bahasha ikae kwa mtendaji wa kijiji, iandikwe kwenye kitabu.

Bahasha iliyokosa mwenyewe usiitupe. Mimi ninazo nne. Moja ni ya kijana wa ufuta aliyekuwa akihamia Kiteto, mbili ni za akina mama niliowakuta njiani wakirudi mnadani, na ya nne ni ya mzee aliyeniambia kitongoji ambacho kina jina linalofanana na vingine viwili. Zinakaa mfuko wa pembeni wa begi. Kila nikipita njia hiyo nasimama kwenye maduka, naitoa picha, naigeuza nyuma, nasoma jina kwa sauti.